Mtoto ametanguliza makalio wiki ya 33: je, anaweza kusaidiwa ageuke?

Mwali_Segerea aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Naomba kuuliza jambo linaloninyima usingizi, ingawa usingizi wenyewe siku hizi ni wa kubahatisha. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 33, na ninaishi Segerea pamoja na mume wangu na mama mkwe. Juzi kliniki muuguzi alinipapasa tumbo, akanyamaza, akapapasa tena, kisha akaandika kwenye kadi kwamba mtoto ametanguliza makalio. Altrasaundi niliyofanyiwa kesho yake ilithibitisha hivyo: kichwa kiko juu, chini kidogo ya mbavu zangu za kulia. Kumbe kile kitu kigumu cha mviringo nilichokuwa nakihisi hapo na kudhani ni goti ndicho kichwa chenyewe. Muuguzi aliniambia nisiwe na wasiwasi na nirudi wiki ya 36, lakini hakufafanua zaidi, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa na wengine walikuwa wamesimama.

Tangu siku hiyo nimepewa ushauri wa kila aina. Mama mkwe, ambaye ananipenda na ambaye sitaki kumvunjia heshima, anamfahamu bibi mmoja wa Mbagala anayekanda tumbo kwa mafuta ya nazi mpaka mtoto akae sawa, na amekwisha panga twende Jumamosi. Dada yangu anasisitiza nideki nyumba kila asubuhi. Kwenye mtandao nimesoma kwamba nilale kichwa chini juu ya ubao wa pasi ulioegemezwa kwenye kochi (sisi hupigia pasi kitandani, ubao wenyewe hatuna), niweke barafu juu ya tumbo na muziki chini ya kitovu, na kwamba nisikalie kochi wala kigoda, bali nikae magoti yakiwa chini kuliko nyonga. Hilo la kigoda limenichanganya zaidi, maana sijui nitafua na kukuna nazi nikiwa nimekaa wapi.

Ninachoomba kujua ni lipi kati ya haya linasaidia kweli, lipi halina madhara hata kama halisaidii, na lipi nisithubutu kulifanya. Na ikiwa mtoto hatageuka, ni lazima nipasuliwe?

Mama_Wanne alijibu:

Pole mdogo wangu. Mtoto wangu wa tatu alikaa hivyohivyo. Nilikandwa mara mbili wiki ya 31, na nilipopimwa wiki ya 34 kichwa kilikuwa chini, nikajifungua salama bila hata kushonwa. Wazee wetu hawakuwa na altrasaundi, na sisi tulizaliwa. Binafsi sioni ubaya wa kwenda na mama mkwe, mradi huyo bibi awe anajulikana kwa kazi yake.

MkungaMstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hapo ulipofika. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo katika leba za mkoa huu wetu wa Dar es Salaam, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na ninaomba univumilie.

Wiki ya 33 mtoto bado ana nafasi ya kugeuka. Ukiwapima wajawazito wote wiki ya 28, karibu mmoja kati ya watano utamkuta mtoto wake kichwa kiko juu, lakini siku za kujifungua zikifika wanabaki watatu au wanne tu katika kila 100. Wengine wote wamegeuka wenyewe, mara nyingi bila mama kujua, usiku, kati ya kwenda haja mara moja na mara ya pili. Kwa sababu hiyo, lolote ambalo mama atalifanya kati ya wiki ya 28 na ya 36 litaonekana kama limefanya kazi. Aliyekandwa atamsifu mkandaji, aliyedeki atalisifu tambara, na aliyekula embe bichi atausifu mwembe. Mama_Wanne, sikatai kwamba mtoto wako aligeuka. Ninachosema ni kwamba mtoto wa tatu, katika tumbo lililokwisha kulegezwa na wawili waliomtangulia, na wiki ya 31 tu, kwa uwezekano mkubwa angegeuka hata kama bibi yule angekuwa safarini.

Nawajua hao mabibi wa kukanda, baadhi yao walikuwa marafiki zangu, na wapo wenye mikono inayolisoma tumbo vizuri kuliko daktari aliyehitimu mwaka jana. Tatizo haliko kwenye mikono, liko kwenye yale ambayo mikono haiwezi kuyaona: kondo la nyuma limejishikiza wapi, kamba ya kitovu imepita wapi, kama kuna uvimbe katika kizazi, na mapigo ya moyo wa mtoto yanakwendaje wakati anasukumwa. Kondo likibanduka kabla ya wakati wake, damu inaweza kujikusanya ndani bila hata tone kuonekana nje, na hapo mtoto ana dakika chache, wakati wewe uko kwenye mkeka chumbani kwa watu, na gari bado halijatafutwa. Kwa hiyo tumbo lisikandwe, lisisukumwe, wala lisifungwe kanga ya kubana. Akitaka kukupaka mafuta mgongoni na miguuni ili upumzike, mwache akupake, tena ushukuru. Kuhusu mama mkwe, usibishane naye nyumbani. Nenda naye kliniki, umwombe muuguzi amweleze yeye mwenyewe, amwekee mkono wake juu ya tumbo aguse kichwa kilipo. Nimeona akina mama wakwe wakali wakitoka humo ndani wakiwa walinzi wa kwanza wa tumbo hilo.

Sasa mikao. Ule wa kupiga magoti, kifua chini na makalio juu, unapendekezwa sana, na mantiki yake inaeleweka: makalio ya mtoto yanatoka kidogo kwenye nyonga ya mama na yeye anapata nafasi ya kupinduka. Hata hivyo, tafiti zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba wanaokaa hivyo watoto wao hugeuka zaidi kuliko wasiokaa. Nami niongeze la kwangu: mkao huo ni wa mtu aliyesujudu. Mwanamke anayesali sala zote za faradhi anatimiza rakaa 17 kwa siku, yaani anasujudu mara 34, na nimewapokea watoto waliotanguliza makalio kutoka kwa akina mama wasiopitwa na sala hata moja. Ukipenda kukaa hivyo kwa dakika chache, tumbo likiwa halijajaa chakula, kaa. Ukihisi kizunguzungu au kiungulia, acha. Ila ubao wa pasi usiujaribu kabisa, kwa sababu faida yake ni ya kufikirika na kuanguka kwake ni kwa kweli.

Kudeki nako kumepotea njiani kutoka lugha moja hadi nyingine. Huko ushauri ulikotoka, walimaanisha mwanamke anayesugua sakafu akiwa amepiga magoti na kushika chini kwa mikono. Kudeki kwetu ni kukunja kiuno huku miguu imenyooka, jambo ambalo ni mkao mwingine kabisa, na wiki ya 33 litakuachia maumivu ya mgongo na si zaidi. Mpe baba mtoto tambara. Habari ya magoti kuwa chini kuliko nyonga ilitoka kwa mkunga na mwalimu wa wajawazito wa New Zealand miaka ya 1990, na walikuwa wanamzungumzia hasa mtoto ambaye kichwa kimeshakuwa chini lakini mgongo wake umeelekea mgongo wa mama. Haikukusudiwa kwa mtoto wa makalio. Kigoda chako hakina kosa katika hili.

Barafu na muziki sina la kusema, isipokuwa uchague muziki unaoupenda wewe. Utasikia pia habari za Wachina, ambao huchoma mmea mkavu wa jamii ya pakanga karibu na kidole kidogo cha mguu. Baadhi ya majaribio yalionyesha faida, mengine hayakuonyesha, na mimi sijawahi kuona ikifanywa hapa. Ninalitaja kwa sababu moja tu: mtu asije akasikia neno pakanga akaenda kuichemsha akanywa. Mjamzito asinywe pakanga, wala dawa yoyote ya kuongeza uchungu.

Kinachogeuza watoto kwa namna inayoweza kuhesabika ni kugeuzwa kwa mikono kutoka nje, hospitalini, na daktari au mkunga aliyefundishwa kazi hiyo. Kwa mimba ya kwanza hufanywa kuanzia wiki ya 36, na kwa aliyekwisha kuzaa hungojewa wiki ya 37. Hatufanyi mapema kwa sababu mtoto mdogo akigeuzwa hurudi alikotoka, na kwa sababu likitokea la kutokea na ikalazimu azaliwe siku hiyohiyo, awe amekwisha komaa. Kwa jumla karibu nusu hugeuka: kwa wenye mimba ya kwanza ni kama 40 katika kila 100, na kwa waliokwisha zaa ni kama 60. Akishageuzwa wiki hizo, ni nadra kurudi. Hatari ipo lakini ni ndogo, takriban mama mmoja kati ya 200 hulazimika kupasuliwa kwa dharura baada ya zoezi hilo, na ndiyo maana halifanywi mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Si jambo la kisasa pia. Mfaransa Adolphe Pinard, ambaye mwaka 1895 alitengeneza kile kipembe ambacho mpaka leo muuguzi anakibana kati ya sikio lake na tumbo lako, alikuwa mtetezi mkubwa wa kupapasa tumbo na kumgeuza mtoto kwa nje. Tofauti kati yake na bibi wa Mbagala ni kwamba alikuwa anasikiliza.

Wiki ya 36 ukirudi, usikubali kuambiwa tu kwamba amekaa vibaya. Uliza miguu imekaaje, kwa sababu mtoto aliyekunja magoti hugeuka kwa urahisi kuliko yule aliyenyoosha miguu mpaka usoni, ambaye miguu yake humfunga kama gango. Uliza maji ya uzazi yanatosha au ni kidogo, na kondo liko juu au limeziba njia. Kama kondo limeziba njia, au umetokwa damu siku za karibuni, au chupa ya uzazi imeshapasuka, au watoto ni pacha, hutageuzwa. Na kama kadi yako inaonyesha damu yako ni Rh hasi, sema mapema, kwa kuwa utahitaji sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako usitengeneze kinga ya kuishambulia damu ya mtoto.

Mama_Kigamboni alijibu:

Naunga mkono maelezo ya mama mkunga, na kwa kuwa mimi nimegeuziwa mtoto hospitalini, nadhani dada atafaidika kusikia jinsi ilivyo, maana mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mateso ambayo sikuyakuta na sikujiandaa kwa yale niliyoyakuta.

Nilikuwa wiki ya 37 na siku mbili. Niliambiwa nije bila kula, nikavuka kwa pantoni ya alfajiri na njaa yangu. Walinipima tena kwa altrasaundi, kwani wapo wanaofika na kukuta mtoto amekwisha geuka, wakarekodi mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda, wakaniambia nikojoe, kisha wakanichoma sindano ya kulegeza mji wa mimba. Hiyo sindano hakuna aliyenionya nayo. Moyo wangu ulianza kwenda mbio na mikono ikatetemeka kama mtu aliyekunywa kahawa birika zima, ikaisha baada ya muda mfupi. Daktari alinipaka ute ule wa altrasaundi tumboni, akaingiza vidole juu ya mfupa wa kinena akayainua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga, na mkono mwingine akakishika kichwa, akawa anamsukuma taratibu kama mtoto anayepiga kichwangomba. Kuuma kunauma, nisikudanganye, ila ni kuuma kwa kubanwa, na kila niliposema inatosha aliacha. Katikati alisimama akasikiliza mapigo.

Mara ya kwanza alifika katikati akarudi. Mara ya pili vilevile. Hakujaribu tena. Walinipima mapigo ya mtoto kwa karibu nusu saa nyingine, wakanieleza dalili za kunirudisha haraka, yaani damu, maji, tumbo kukaza bila kuachia, au mtoto kupunguza kucheza, nikaruhusiwa jioni. Nilijifungua kwa upasuaji wa kupangwa wiki ya 39, mtoto wa kike, miguu ikiwa imenyooka hadi masikioni, na kwa wiki kadhaa akilala miguu ilirudi hukohuko masikioni.

Sijutii kujaribu. Ningejuta kutojaribu.

Baba_wa_Buguruni alijibu:

Mimi ni mwanaume na huenda hapa si mahali pangu, lakini kuna jambo ambalo waume tunapaswa kuambiwa na hatuambiwi. Mke wangu mtoto wetu wa pili alitanguliza mguu mmoja. Tulikuwa na tarehe ya upasuaji, tukajiona tumemaliza. Siku tano kabla ya tarehe hiyo chupa ilipasuka saa kumi na moja jioni, wakati ambao Barabara ya Mandela haipiti gari wala sala. Nilidhani kwa vile uchungu haujaanza tuna muda wa kuoga na kufungasha begi. Hatukuwa nao.

Muuguzi aliyetupokea alinieleza baadaye, akiwa amekasirika kwa haki, kwamba kichwa kikiwa chini huziba njia kama kizibo, lakini mguu hauzibi kitu, kwa hiyo maji yakitoka kwa kasi kamba ya kitovu inaweza kuchomoka mbele ya mtoto, na ikibanwa mtoto anakosa hewa. Kwetu sisi haikuchomoka. Mwali, mwambie mumeo awe na namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wanaolala karibu, siyo mmoja, na mjue mapema njia ya pili. Bodaboda isihesabiwe.

MkungaMstaafu alijibu:

Baba, hapa ni mahali pako kabisa, na umenikumbusha nililolisahau. Chupa ikipasuka mtoto akiwa bado hajageuka, safari ni saa hiyohiyo, uchungu uwepo usiwepo. Na mama akiona au akihisi kamba imetoka, apige magoti, kifua kiguse kiti, makalio yawe juu, na abaki hivyo ndani ya gari mpaka afike, ili uzito wa mtoto usiibane. Asiirudishe kamba ndani kwa mkono. Hapa ndipo ule mkao wa makalio juu una faida isiyo na mjadala.

Tabibu_Kijana alijibu:

Naomba nijibu swali la mwisho la dada, ambalo halijaguswa. Si lazima, lakini kwa mimba ya kwanza utashauriwa upasuaji katika hospitali nyingi, na sababu yake ina historia. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililosimamiwa kutoka Canada, likihusisha wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ambalo lilionyesha kwamba watoto wa makalio waliozaliwa kwa upasuaji uliopangwa walipata madhara machache muda mfupi baada ya kuzaliwa kuliko wale ambao mama zao walipangiwa njia ya kawaida. Karibu dunia nzima ilibadili utaratibu. Watoto wale walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, tofauti ya vifo na ya matatizo ya ukuaji wa akili haikuonekana tena, na jaribio lenyewe limekosolewa kwa namna lilivyowachagua akina mama na kwa ujuzi wa waliozalisha. Lakini wakati mjadala huo unaendelea, kizazi kizima cha madaktari, mimi nikiwemo, kimehitimu bila kuzalisha makalio kwa mikono yake isipokuwa mara chache. Ujuzi huo leo uko zaidi kwa watu wa umri wa mama MkungaMstaafu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wako ni hili: nikija na uchungu usiku, ni nani atakuwa zamu, na amewazalisha wangapi wa makalio? Kama jibu halieleweki, upasuaji wa kupangwa wiki ya 39 ni uamuzi wa busara. Ila ujue kovu la upasuaji unalibeba katika mimba zote zijazo, na hii ndiyo hoja kubwa ya kujaribu kumgeuza kwanza.

Jambo moja dogo: mtoto aliyekaa kwa makalio hadi mwisho, hata akizaliwa salama, akaguliwe viungo vya nyonga, kwani huteguka kwa urahisi zaidi. Kumbeba mgongoni kwa kanga, mapaja yakiwa yamefunguka, ni mkao mzuri sana kwa nyonga hizo. Bibi zetu katika hilo hawakukosea.

Mwali_Segerea alijibu, wiki tatu baadaye:

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Jumamosi ile hatukwenda Mbagala. Nilifanya kama alivyoelekeza mama mkunga: nilimwomba mama mkwe anisindikize kliniki, muuguzi akamshikisha kichwa cha mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuniwekea mkono tumboni, hata mume wangu anaombewa kibali.

Leo nimetimiza wiki ya 36 na nilikwenda nikiwa na maswali yote nimeyaandika kwenye daftari. Sikupata nafasi ya kuyauliza. Daktari aliweka kifaa tumboni, akacheka, akasema kichwa kiko chini. Sijui ilikuwa siku gani. Kuna usiku mmoja wiki iliyopita tumbo lilikwenda upande mmoja kama debe lililoinamishwa, nikadhani ni gesi za maharage.

Lakini sasa nimepewa jambo jingine. Amesema mtoto ameelekeza uso wake mbele, yaani mgongo wake na wangu vimeelekeana, na kwamba hali hiyo inaweza kunipa uchungu mrefu wa mgongo. Je, sasa ndiyo wakati wa kukaa magoti chini ya nyonga na kuacha kigoda?

MkungaMstaafu alijibu:

Alhamdulillahi, hongera sana mwanangu, na mpe mama mkwe salamu zangu.

Hilo la pili lisikutishe. Wengi huanza uchungu wakiwa wameelekea hivyo, kisha uchungu wenyewe unawazungusha kichwa kinaposhuka, na wanaozaliwa uso ukiwa juu ni wachache, kama watano katika kila 100. Kuhusu mikao, Australia walilifanyia jaribio lililochapishwa mwaka 2004, wanawake zaidi ya 2,500: nusu yao walipiga magoti na mikono wakizungusha kiuno polepole dakika 10, mara mbili kwa siku, kuanzia wiki ya 36 au 37 hadi uchungu ulipoanza. Watoto wao hawakuwa na nafuu yoyote ya mlalo siku ya kuzaliwa kuliko wa wale wengine. Kwa hiyo usijifunge nadhiri ya kupiga magoti kila siku kana kwamba usipofanya umemkosea mtoto.

Siku ya uchungu ni tofauti kidogo. Mgongo ukiuma, kuegemea mbele kunaupunguza sana: inamia kitanda, au piga magoti ukumbatie mto, na mtu akusukume kwa kiganja chini kabisa ya kiuno kila uchungu unapokuja. Hapo mwite mama mkwe, mikono yake imengojea kazi muda mrefu. Tembea kadiri unavyoweza, na nenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hata kama hujisikii, kwani kibofu kilichojaa kinakizuia kichwa kushuka. Mtoto kuelekeza uso mbele kuna tabia ya kumfanya mama ahisi kusukuma kabla njia haijafunguka yote. Usisukume mpaka aliye zamu akwambie. Usiku lala kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, usilale chali, na hili halihusiani na mlalo wa mtoto bali na damu inayomfikia.

Kigoda kikalie. Ila nazi, kwa wiki hizi zilizobaki, akune mwingine.